Pogoa Mibuni Kabla Masika Hayajaingia

Huku Kilimanjaro kahawa huanza kuchumwa kama mwezi wa Julai na humalizika Desemba. Buni ya mwisho ikishatoka, wengi wetu tunakunja magunia na kuiacha mibuni kama ilivyo. Tunasema, "Tutaonana Julai." Hapo tunakosea. Kuna kazi inayotungoja, na muda wake ni mfupi: Januari na Februari, kabla ya mvua za masika. Kazi hiyo ni kupogoa, yaani kukata matawi yasiyofaa ili nguvu za mti ziende kwenye yanayofaa.

Kwanza tuone mbuni unavyozaa. Nenda shambani ushike tawi moja. Upande wa karibu na shina ni mkavu, hauna majani. Hapo palikwisha kuzaa, na mahali palipozaa hapazai tena. Mbuni huzaa kwenye sehemu changa, ile iliyoota msimu uliopita. Kwa hiyo kila mwaka buni husogea mbele, mpaka tawi linakuwa refu kama fimbo na buni chache nchani. Acha mti hivyo miaka mingi, utapata kuni nyingi na kahawa kidogo.

Tena mti usiopogolewa hujichosha. Mwaka mmoja huzaa kupita kiasi, matawi yakaanza kukauka kutoka nchani, na mwaka unaofuata unaambulia debe moja mahali pa matatu. Sare za watoto zitanunuliwa na nini?

Sasa kwa nini kabla ya masika? Ukikata wakati wa mvua kubwa, kidonda cha mti hukaa na maji, kinaweza kuoza. Ukikata mapema, mvua ikija inakuta matawi machache yenye nguvu, na machipukizi mapya huota vizuri.

Kata matawi makavu, yaliyovunjika na yenye ugonjwa. Kata yanayogusa ardhi na yanayopitana. Safisha vijitawi vilivyo karibu na shina, kama nusu futi kila upande, ili hewa na mwanga viingie katikati. Mti wenye giza ndani hukaa na unyevu, na unyevu ndio unaoupenda ugonjwa wa chulebuni, ule unaoweka madoa meusi kwenye buni mbichi. Mdudu antestia naye hupenda kujificha humo. Miche mipya iliyotolewa na taasisi ya utafiti, TaCRI, tangu 2005 inastahimili chulebuni na kutu ya majani, lakini hiyo nayo hupogolewa.

Tumia mkasi wa kupogolea, na msumeno kwa matawi manene. Panga hapana. Sisi wenyewe mwaka mmoja tulitumia panga kwa sababu ya haraka. Mashina yakapasuka, na mibuni minne ikafa. Kama mkasi huna, azimeni mmoja watu watatu wanne.

Huenda tawi bovu nalo lina vibuni vichanga. Hapo moyo huuma. Mzee mmoja jirani yetu alituambia, "Nikate mkono wa mwanangu?" Tukamwomba atupe mibuni mitano tu ya pembeni, tuipogoe, ile mingine aiache. Msimu wa pili alikuja kuazima mkasi.

Mbuni mzee kabisa hukatwa shina lote, kiasi cha futi moja hadi moja na nusu kutoka chini. Kata mshazari ili maji yateremke. Yakitoka machipukizi mengi, chagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine toa. Yatachukua miaka kama miwili kuanza kuzaa. Kwa hiyo usikate shamba zima kwa pamoja! Kata theluthi moja mwaka huu, theluthi nyingine mwakani.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Nyumba nyingi mama ndiye anayelima kihamba, lakini hana ruhusa ya kukata mbuni mpaka baba arudi kutoka mjini. Baba anakuja Pasaka, na masika yameshaingia. Basi wanaume, kabla hamjaondoka baada ya Krismasi, zungukeni shamba pamoja na mama, mwekeane alama kwenye matawi ya kukatwa. Hata uzi wa mgomba unatosha.

Majani mazuri yaache chini ya mibuni yawe matandazo. Matawi yenye ugonjwa yatoe shambani ukayachome. Kisha Mei au Juni rudi uangalie maotea, yale machipukizi yanayopanda wima kutoka kwenye shina. Yakiwa machanga hutoka kwa vidole tu. Ukingoja yakomae, utahitaji mkasi tena.