'Mkunjo wa kutojali' ni tafsiri potofu

Tangu mwanauchumi Francis Edgeworth auwazie mwaka wa 1881, mkunjo huu umefunzwa kwa jina ambalo, ukilitafsiri sisisi kutoka Kiingereza, linakuwa 'mkunjo wa kutojali'. Hapo mwanafunzi anapotezwa. Mnunuzi anajali, tena sana!

Chukua mama mwenye kilo nne za unga na mafungu mawili ya sukumawiki. Mpe kilo tatu na mafungu matano badala yake, atakwambia, "Ni sawa tu." Vikapu hivyo viwili vimo kwenye mkunjo mmoja kwa sababu vinamridhisha kwa kiwango kile kile. Lakini kilo ya pili haitoi kwa mafungu matatu. Labda atadai sita, maana unga umeanza kuadimika. Ndiyo sababu mstari wenyewe umepinda.

Napendekeza 'mkunjo wa uradhi sawa'. Bei nayo haijaingia hapa. Hiyo huletwa na mstari wa bajeti.