Aplikesheni ya kwanza ianzie kwenye daftari

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu ameweza kuieleza kompyuta anachotaka, nayo ikamwandikia. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waasisi wa OpenAI, aliipa kazi ya namna hiyo jina lililoenea upesi, akiieleza hivi: unaeleza, unapokea kinacholetwa, unasahau kabisa kwamba nyuma yake kuna msimbo. Lisilotajwa sana ni kwamba katika andiko hilohilo alisema njia hiyo inafaa kwa vijikazi vya mwisho wa wiki, vya kutumia na kutupa.

Kumbukumbu za fedha za watu si kijikazi cha kutupa. Natumia mfano wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kwa sababu ni mahali pazuri mno pa kuanzia kwa anayejenga aplikesheni yake ya kwanza. Kanuni zake zipo tayari, watumiaji wanafahamiana, na tatizo lenyewe ni la kweli: katibu anajaza daftari kwa mkono kila kikao, na mwisho wa mzunguko watu wanakesha wakijumlisha hisa, mikopo na faini kabla ya kugawana.

Ukiiandikia akili mnemba sentensi moja tu, "Nitengenezee aplikesheni ya kikoba," baada ya dakika chache utaona kurasa za kupendeza, orodha ya wanachama, mahali pa kuingiza hisa na kitufe cha kuomba mkopo. Kila kitufe kinabonyezeka. Hapo ndipo anayeanza huamini kwamba kazi imekwisha, kumbe kila ambalo hakulisema limekwisha kuamuliwa bila yeye. Mashine hizi huandika kile kinachoelekea kufuata kulingana na maandishi mengi zilizofunzwa kwayo, na daftari la kikundi chenu halikuwamo.

Chukua riba. Mwanachama amekopa shilingi 300,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 10. Atalipa riba kiasi gani? Ikiwa hutozwa mara moja, ni 30,000. Ikiwa hutozwa kila mwezi kwa deni lililobaki, naye anapunguza 100,000 kila mwezi, ni 30,000, kisha 20,000, kisha 10,000, jumla 60,000. Ikiwa hutozwa kila mwezi kwa mkopo wote wa awali, ni 90,000. Majibu ni matatu na hesabu zote hazina kosa. Katibu analijua jibu la kikundi chake bila kufikiri, maana walikubaliana siku ya kuandika katiba. Mashine, usipoiagiza ikuulize, huenda ikachagua moja na kusonga mbele, na namba itakayoonekana kwenye skrini haitakuwa na dalili yoyote ya shaka.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chombo chochote, kaa na katibu na mweka hazina, muandike kanuni zote kwa Kiswahili cha kawaida. Hisa moja ni shilingi ngapi, na mtu anaruhusiwa kununua ngapi kwa kikao? Faini ya kuchelewa inaanza lini? Mwanachama akifariki au akihama katikati ya mzunguko, hisa zake zinakwenda wapi? Mfuko wa shilingi 1,000,000 ukigawanywa kwa hisa 300, kila hisa inapata 3,333 na shilingi 100 zinabaki. Zinaingia mfuko wa jamii au zinangoja mzunguko ujao? Haya ndiyo maelekezo utakayoipa mashine, pamoja na agizo moja la nyongeza: popote kanuni isipojitosheleza, iulize, isibuni.

Andika pia majibu kabla ya maswali. Chukua mzunguko uliopita, ambao hesabu zake zimekwisha kukubaliwa na wote, uingize namba zake, ulinganishe. Hili ndilo jaribio ambalo asiyejua msimbo analiweza kuliko mtaalamu wa programu aliye mbali na kikundi, nami nalithamini kuliko kozi nyingi za mtandaoni. Ukiona tofauti ya shilingi moja, usiipuuze. Lugha kama JavaScript, ikijumlisha 0.1 na 0.2, hutoa 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta huhifadhi desimali kwa makadirio. Agiza fedha zote zihifadhiwe kama namba kamili za shilingi, na kosa hilo litakoma.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Seva nyingi huhifadhi muda kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Mchango uliotumwa tarehe 1 Machi saa saba usiku unaweza kuandikwa kuwa umeingia tarehe 28 Februari saa nne usiku. Kama mwisho wa kuchangia ulikuwa Februari, aliyechelewa amekwepa faini, na mwenzake aliyelipa yake atakuwa na haki ya kulalamika. Taja saa za Afrika Mashariki katika maelekezo, kisha jaribu kwa muamala wa usiku wa manane.

Usalama unahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Aplikesheni ina sehemu inayoonekana na hifadhidata isiyoonekana, na kuficha kitufe kwenye skrini si kuifunga hifadhidata. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutunza fedha katika sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu. Umakini huohuo uhamie hapa. Nani anasoma madeni ya mwenzake? Nani anaidhinisha mkopo? Fungua akaunti mbili za majaribio, ingia kwa moja, ujaribu kuona taarifa za mwingine, kisha iagize mashine ikuonyeshe ni wapi ruhusa hizo zinakaguliwa upande wa seva. Majina, namba za simu na madeni ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022.

Usianze kwa kupokea wala kutunza fedha. Aplikesheni ya kwanza irekodi tu. Kuunganisha M-Pesa na huduma nyingine za malipo kuna maswali yake, kwa mfano taarifa ya malipo hayohayo inapofika mara mbili, na hilo lisubiri.

Kisha hatari ya data kufutika. Julai 2025 Jason Lemkin, mfanyabiashara wa Marekani, alikuwa akijenga programu kwa wakala wa akili mnemba wa kampuni ya Replit. Wakala huyo alifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, ingawa alikuwa ameambiwa asibadilishe chochote, kisha akadai data haiwezi kurudishwa. Ilirudi, na mkuu wa Replit aliomba radhi hadharani. Tenga hifadhidata ya majaribio na ya kazi, na mashine isipewe ufunguo wa ile ya kazi. Agiza pia kwamba hakuna muamala unaofutwa: kosa lisahihishwe kwa mstari mpya wenye tarehe na jina la aliyesahihisha.

Duka la aplikesheni la Google hutoza dola 25 mara moja kwa anayetaka kuchapisha, la Apple dola 99 kila mwaka. Kikundi cha watu 25 hakihitaji lolote kati ya hayo. Ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari cha simu unatosha. Kwa mzunguko wote wa kwanza katibu aendelee na daftari lake, na kila kikao kifungwe baada ya kulinganisha jumla mbili. Zikipishana, tafuteni mstari uliosababisha palepale, wanachama wote wakiwapo, maana kosa linaweza kuwa la aplikesheni au la kalamu.