Rangi za Usambara na Namna ya Kuzipiga Picha

Wasomaji wengi wa gazeti letu wameziona zile kalenda zinazotundikwa madukani, zenye picha za milima ya ng'ambo. Barabara inapinda, na kandokando yake miti ina majani ya manjano, ya rangi ya chungwa, na mekundu kama moto. Mwezi wa Mei mwaka huu Chama cha Jiografia kilipata ruhusa ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo na kupanda tena, tukapewa kamera moja itumiwe na watu ishirini na wawili. Wengi wetu tulitamani kurudi na picha kama zile za kalenda. Hatukurudi nazo. Nataka kueleza kwa nini, na jinsi mtu awezavyo kupata picha nzuri na za kweli katika barabara yetu ya mlimani.

Kwa nini majani yetu hayageuki

Katika Ulaya, Japani na Marekani ya kaskazini, kuanzia mwezi wa Septemba mchana huzidi kuwa mfupi na baridi huanza kuingia. Mti hujiweka tayari kwa baridi hiyo kwa kuacha kutengeneza klorofili, yaani kile kitu kinacholipa jani rangi ya kijani. Kijani kikiisha kutoweka, rangi ya manjano iliyokuwamo ndani ya jani tangu mwanzo huonekana, na miti mingine hutengeneza rangi nyekundu katika siku zile za mwisho. Kisha jani huanguka.

Lushoto iko karibu digrii 5 tu kusini ya Ikweta. Tofauti kati ya mchana ulio mrefu kuliko yote na ule ulio mfupi kuliko yote ni kama nusu saa. Basi mti hauna sababu ya kujiandaa kwa theluji isiyokuja. Ndiyo maana msitu wa Magamba huwa kijani mwaka mzima. Mkulo na miti mingine ya msituni hudondosha majani kidogo kidogo na kuotesha mengine, bila kuvua nguo zake zote kwa siku moja.

Hapa pana jambo la lugha ambalo latupasa kuangalia. Vitabu vingine huyaita majira hayo ya Ulaya "vuli". Walakini vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati mkulima anapopanda na mbegu kuota. Kwa wenzetu ni wakati wa majani kuanguka. Kwetu ni wakati wa majani kuchipua. Neno ni moja, mambo yapingana. Mwanafunzi atakayetoka kwenda kutafuta majani makavu kwa sababu kamusi imemwambia kuwa ni vuli, atarudi na viatu vyenye matope.

Majira ya barabara

Sisi tunaokaa bwenini twaipita barabara hii kila tunapofunga na kufungua shule. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu, lakini Mombo iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto karibu mita 1,400. Kwa kawaida mtu akipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii 6. Kwa hiyo safari ya saa moja hivi yatosha kumtoa msafiri katika nchi moja na kumtia katika nyingine.

Mwezi wa Julai mibuyu iliyo huko chini huanza kuwa mitupu, na nyasi huwa rangi ya simba. Sababu yake si baridi, bali ni ukosefu wa maji: mti hutupa majani usipoteze maji kwa kupitia hayo. Mwezi huo huo, huku juu twavaa sweta. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga mlima na kulazimika kupanda, na unapopanda hupoa, na unyevu wake hugeuka matone madogo. Huo ndio ukungu wetu. Mipeasi na miplamu iliyoletwa kutoka nchi za baridi hupukutika majani karibu na wakati huo, maana haijasahau sana desturi ya kwao. Oktoba na Novemba mijakaranda huchanua na kumwaga maua ya zambarau njiani. Machi hadi Mei ni masika, na hapo milima hutiririka maji kila upande.

Basi rangi tunazo. Lakini hazitoki mahali pale pale zinapotoka za kalenda.

Jinsi ya kupiga

Jambo la kwanza ni saa. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua la adhuhuri husimama juu sana, na vivuli huwa vifupi, hata mabonde huonekana bapa kama karatasi. Yafaa kupiga kuanzia macheo hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi hadi machweo. Wakati huo mwanga huja kwa upande, na kila tuta la shamba na kila mkunjo wa mlima huwa na kivuli chake. Pale Irente, ambapo ukuta wa mlima waelekea magharibi, asubuhi jua huwa nyuma yako. Huo ndio wakati wa kupiga nyika na mashamba ya mkonge ya Mazinde yaliyo chini. Ukitaka majabali yenyewe, ngoja alasiri jua liyaangaze.

Jambo la pili ni ukungu. Kamera hudhani kuwa kila kitu duniani kina weupe wa kadiri tu. Ikiona ukungu mweupe hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na picha hutoka kama moshi wa jikoni. Hapana budi kuiongezea mwanga kwa hatua moja, kwa ile alama ya kujumlisha. Tena tafuta kitu cheusi cha kuweka mbele, kama vile shina la mti au mtu mwenye mwavuli, ili jicho lipate pa kusimama.

Jambo la tatu ni mwendo. Picha kumi na moja za kwanza tulizipiga ndani ya basi likienda, kwa kupitia kioo chenye vumbi. Zote ziliharibika. Usipige basi likienda, wala usitoe mkono dirishani, kwa maana kona za barabara hii ni kali na magari hupishana karibu karibu. Ngoja gari lisimame mahali pa salama, kisha tuliza kamera juu ya jiwe au bega la mwenzako.

Jambo la nne ni unyevu. Kamera iliyopoa mlimani ikifunguliwa ghafula katika joto la Mombo, lenzi hutoka jasho. Iache mfukoni kwanza ipate joto polepole.

Tuliyoyaona Soni

Tulisimama Soni kwenye maporomoko ya maji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji yalikuwa mekundu kama matofali, yakipasuka juu ya miamba myeusi. Tulifurahi sana. Mwenzetu mmoja alipaza sauti kwamba hiyo ndiyo rangi ya kalenda. Wakati tukigombea kamera, bibi mmoja aliyebeba mzigo wa kuni alisimama akitutazama.

"Shikamoo, bibi," tukamwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mwapiga picha ya nini?"

Tukamwambia ya maji, kwa kuwa wekundu wake wapendeza.

Akayatazama maji kidogo, akasema, "Huo si wekundu wa maji. Ni mashamba yetu hayo, yashuka Mombo."

Akajitwika vizuri mzigo wake akaenda zake. Hatukuthubutu kumwomba tumpige picha.

Maneno hayo niliyafikiri njia nzima. Udongo wa juu wa shamba ndio wenye rutuba. Mteremko ukikatwa miti na kulimwa bila makinga maji, mvua ya masika huuchukua udongo huo hadi mtoni, na mto huushusha hadi mabondeni na kwenye mifereji ya wakulima wa mpunga. Mlima wa Ulaya hupoteza majani, na mwaka ukigeuka huyapata tena. Mlima wetu hupoteza udongo, na huo haupandi tena. Rangi tuliyoifurahia ilikuwa ni hasara ya mtu.

Je, tusiipige picha? Nadhani yafaa tuipige, lakini tuandike ni nini. Picha isiyo na maelezo itatundikwa ukutani kwa uzuri wake tu. Picha yenye jina la mahali, tarehe na saa ni ushahidi. Mjerumani mmoja, Walther Dobbertin, alipiga picha nyingi sana katika nchi hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wake, zama ambazo Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Picha zake nyingi zimo katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani, na watu huzitazama hata leo ili wajue nchi ilivyokuwa. Za kwetu nazo zaweza kutumiwa hivyo na watakaotufuata.

Kwa hiyo natoa shauri kwa Chama cha Jiografia. Tuchague mahali pane: Mombo chini ya mlima, maporomoko ya Soni, Irente, na ukingo wa msitu wa Magamba. Kila muhula tusimame pale pale, saa ile ile, tuelekeze kamera upande ule ule, na kila picha iandikwe katika daftari. Baada ya miaka mitano wadogo zetu wataweza kuona kama msitu umesogea nyuma au mbele, na kama maji ya Soni wakati wa masika yamezidi wekundu au yameanza kutakata. Hakuna kalenda itakayowaonyesha hayo.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Milima hii ni mali.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne