Unafungua Duka ya Maji Kinoru? Soma Hii Kabla Utoe Doo

Msee, usikimbilie kununua mashine. Peleka maji yako lab kwanza.

Maji ya mto kutoka Mlima Kenya shida yake kubwa ni matope na viini. Mara nyingi filta ya uchafu, ya makaa na taa ya UV zinatosha. Ya borehole yakipita miligramu 1.5 za floridi kwa lita, tafuta RO, juu floridi huharibu meno ya watoi.

Halafu service. Filta ya makaa ikichoka, klorini inapita na kuua membreni ya RO. Hiyo ni ngori. Taa ya UV badilisha kila mwaka, hata kama bado inawaka. Na kufunga kwa chupa? KEBS kwanza.