Turbo ya Lori la Zamani: Anza na Dizeli, Kisha Upime Mlima

Ukiingia kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta turbo ya lori la miaka mingi, utaulizwa injini ni gani na mfuko una nini. Ikipatikana ya namba ileile iliyokufa, mambo yamekwisha. Isipopatikana, ushauri ni mmoja: chukua iliyo kubwa kidogo, haiwezi kuleta hasara. Ushauri huo huuzia watu malori mazito mlimani, yenye moshi mweusi kila gia inapobadilishwa, na hatimaye pistoni zilizoyeyuka.

Turbo haizalishi nguvu. Nguvu imo ndani ya dizeli, na kazi ya turbo ni kuleta hewa ya kutosha kuiunguza. Kwa hiyo swali la ukubwa huanzia kwa fundi wa pampu: lori lako linachoma dizeli kiasi gani, na unataka lichome kiasi gani? Asiyejua jibu hilo hajafikia hatua ya kununua turbo.

Tuchukue injini moja tuipigie hesabu. Cummins 6BT ya lita 5.9, silinda sita, valvu 12, ilianza kufungwa kwenye pikapu za Dodge nchini Marekani kwa modeli ya mwaka 1989 ikiwa na nguvu za farasi 160. Imefungwa pia kwenye malori ya Dongfeng ya China, mashine za ujenzi na jenereta. Pampu yake ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kukusahihisha ukikosea, ndiyo maana inafaa sana kujifunzia.

Tuseme unataka farasi 200, yaani takriban kilowati 150. Injini ya aina hii itahitaji karibu kilo 33 za dizeli kwa saa. Ili iungue bila moshi mzito, kila kilo ya dizeli ipewe kilo 22 hivi za hewa. Hapo unapata kilo 726 za hewa kwa saa, au kilo 12 kwa dakika. Hiyo ndiyo oda unayoipeleka kwa turbo.

Sasa angalia injini yenyewe inaweza kumeza nini. Kila silinda hujaa mara moja katika mizunguko miwili, basi kwa mizunguko 2,500 kwa dakika injini ya lita 5.9 hupitisha mita za ujazo 7.4 kwa dakika. Silinda hazijai kikamilifu, kwa hiyo hesabu 6.5. Kilo 12 zikae ndani ya mita za ujazo 6.5 maana yake kila mita ibebe kilo 1.85. Hewa ya Mombasa yenye joto la nyuzi 30 ina kilo 1.16 tu. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya turbo, na kwa kuwa hewa hufika kwenye silinda ikiwa na joto la nyuzi 60 hivi baada ya kupita kwenye intakula, yaani kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini, presha inayohitajika ni karibu bar 1.8 kwa jumla. Kwenye geji utasoma 0.8, kwa sababu geji huanza kuhesabu juu ya presha ya anga.

Hesabu hii ni ya usawa wa bahari, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa. Lori linalotoka Mombasa kwenda Malaba hupita Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, kisha Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Presha ya anga Nairobi ni kama bar 0.82, na Timboroa ni kama 0.72. Injini bado inataka bar zake 1.8 kule juu, maana dizeli inayopigwa na nozeli haikupungua. Mombasa turbo iliizidisha hewa ya anga mara 1.8 hivi, Nairobi itaizidisha mara 2.2, Timboroa mara 2.5. Tena hewa nyepesi huchukua nafasi kubwa zaidi: zile kilo 12 zinapovutwa Timboroa, feni ya turbo huziona kama kilo 16 au 17 za pwani.

Watengenezaji wakubwa huchora ramani ya kila turbo yao: kwa upande mmoja kiasi cha hewa, kwa upande mwingine mara ngapi hewa imezidishwa, na katikati eneo ambalo feni hufanya kazi bila kupoteza nguvu nyingi kwa joto. Weka alama ya Mombasa na ya Timboroa kwenye ramani hiyo. Ya pili itasogea kulia na juu. Turbo ndogo iliyokuwa sawa kabisa pwani inaweza kujikuta nje ya eneo lake, ikizunguka kupita kiasi, ikipika hewa badala ya kuikandamiza. Shafti za turbo za ukubwa huu huzidi mizunguko 100,000 kwa dakika zikiwa kazini. Zikipitilizwa, bushi hulika na feni hupasuka.

Je, si hoja ya kununua kubwa basi? Kwa upande mmoja, ndiyo. Turbo ina feni mbili kwenye shafti moja: feni ya hewa inayolisha injini, na feni ya moshi inayosukumwa na kinachotoka. Feni ya hewa ichaguliwe kwa sehemu ya juu kabisa ya barabara yako. Feni ya moshi na kasha lake vichaguliwe kwa resi ya chini ambayo lori huishi nayo. Muuzaji anayesema "kubwa" bila kutaja upande gani hajakuambia chochote.

Lori lenye mzigo halipandi mlima kwa mizunguko 2,500. Hupanda kati ya 1,500 na 2,200, likishuka gia na kuanza tena. Kasha la moshi ndilo linaloamua kama hewa itakuwepo wakati huo. Njia yake ikiwa nyembamba, moshi hupita kwa kasi na feni huamka mapema, kama maji ya mpira wa bustani uliobanwa mdomo kwa kidole. Ikiwa pana, resi ya juu hupumua vizuri lakini chini ya mizunguko 1,800 turbo imelala, na dizeli inayoingia hugeuka masizi.

Holset, kampuni iliyoanzia Huddersfield, Uingereza, mwaka 1952 na kununuliwa na Cummins mwaka 1973, ndiyo iliyotengeneza turbo za 6BT hizi. H1C za pikapu za mwanzo zilikuwa na makasha makubwa, ya sentimita za mraba 18 au 21, bila wesigeti. Baadaye ikaja HX35 yenye kasha la 12 na wesigeti, ile valvu inayopitishia moshi pembeni feni ikishashiba. Kasha lilipunguzwa sana, na bado hadi mwaka 1998 injini ilikuwa imefika farasi 215 kwenye pikapu za gia za mkono. Pampu mpya ndiyo iliyoleta farasi hao. Kasha dogo lilihakikisha hewa inawasubiri tangu resi ya chini. Kwa farasi 200 kwenye barabara zetu, HX35 ingekuwa chaguo langu la kwanza, na ningeiacha HX40, iliyo kubwa zaidi, kwa mwenye pampu ya farasi 300 na sababu ya kuzitaka.

Wesigeti nayo ina mtego wake. Springi yake hupima presha juu ya anga. Ukiifunga kwa 0.8 ukiwa Mombasa, Timboroa utapata 0.8 juu ya 0.72, jumla bar 1.52, na moshi mweusi utakuambia kilichokosekana. Ifunge kwa kuzingatia mlima, kisha uhakikishe kwenye ramani kwamba feni inavumilia. Intakula si pambo pia: hewa iliyokandamizwa mara mbili hutoka kwenye turbo na joto la zaidi ya nyuzi 100.

Kwa injini iliyozaliwa bila turbo, nashauri upole mkubwa. 1HZ ya Land Cruiser ina mgandamizo wa 22.4 kwa 1, wakati ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo, ina 18.6. Pengo hilo lina sababu. Ukiifungia 1HZ turbo, presha ibaki ndogo na pampu iguswe kidogo tu.

Baada ya kufunga, pima kwa mzigo kamili, si uwanjani. Upandaji kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru unatosha. Weka geji mbili, ya presha ya hewa na ya joto la moshi kabla ya turbo. Mafundi wengi huchukua nyuzi 700 kuwa mpaka wa kupanda kwa muda mrefu. Moshi mweusi resi ikiwa chini, unaosafika ikipanda, ni dalili kwamba kasha la moshi ni kubwa mno. Presha ikija mapema lakini joto likapaa na injini ikakabwa kuanzia 2,200, kasha ni dogo. Presha ikiwa ile uliyoikokotoa na joto bado linavuka 700, rudi kwa fundi wa pampu apunguze dizeli.