Karate na Judo: Nimeshika Mbili

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye mkeka wa judo nalikuwa na mkanda wa kahawia wa karate na miaka kumi na mmoja ya mazoezi, na kwa hivyo nikajiona nami ni mtu. Niliambiwa niuvue mkanda huo mlangoni, nikafungwa mweupe kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu. Kisha nikakabidhiwa kijana ambaye hata ndevu hazijamtoka vizuri. Alinishika ukosi na mkono wa gwanda, akanivuta kidogo, nami nikaukaza mwili kama nilivyozoea. Kabla sijajua lililotokea nalikuwa nikiitazama feni ya darini.

"Pole, mjomba," akaniambia. Neno hilo "mjomba" liliniuma kuliko mgongo.

Ndugu msomaji ataniuliza: mtu mzima, mwenye karate yake, alikwenda kutafuta nini huko? Nilikwenda kujifunza kuanguka. Mwezi mmoja nyuma, katika kupambana na mwenzangu wa karate, miguu yetu ilisokotana tukaenda chini pamoja, nami kwa ujinga nikatanguliza kiganja. Kifundo cha mkono kilivimba hata sikuweza kumenya chungwa kwa wiki tano. Katika karate tulifunzwa kupiga, kukinga na kusimama imara. Kuanguka kulikuwamo kidogo mno. Judo huanzia hapo hapo. Wiki tatu za kwanza sikufunzwa kumwangusha hata paka. Nilifunzwa kukaza kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, kuuviringa mgongo, na kuupiga mkeka kwa mkono mzima, tangu bega hadi kiganja, ili kishindo kienee kisiukalie mfupa mmoja.

Tabu ilianza nilipotaka kuviweka vitu viwili ndani ya mwili mmoja. Karate ya Shotokan, ambayo ndiyo niliyofunzwa, yataka masafa: mwenzio awe mbali kiasi cha hatua moja, uingie ghafla, upige, utoke. Judo haina masafa. Umemshika mtu ukosi naye amekushika wako, mwapumuliana usoni. Karate yataka usimame chini, goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka, mzito kama nanga. Ukisimama hivyo mbele ya mtu wa judo umemletea zawadi, maana mguu uliolemewa haukimbii. Yeye asimama wima, mwepesi, na kwa vidole vyake ahisi unaelemea upande gani. Wajapani huliita jambo hilo kuzushi, yaani kumvunja mtu mizani kabla ya kumtupa. Atakayelifahamu upesi ni baharia aliyepata kusimama ndani ya mashua penye wimbi: nguvu zake hazimfai kitu kama hajui chombo chalalia wapi.

Basi ikawa kila nilikokwenda nimechelewa. Kwenye judo nikisimama kama mtu wa karate nikaangushwa; kwenye karate mikono yangu ikawa yatafuta ukosi wa kushika, nami huku napigwa ngumi za kifua. Usiku wa Jumatatu na Jumatano karate, Jumanne na Alhamisi judo. Mke wangu alistahamili mwezi mzima, kisha akaniuliza, "Mume wangu, hapa ni nyumbani au ni pa kufulia magwanda?" Sikuwa na jawabu.

Ulipofika mtihani wa mkanda mweusi nilianguka, na safari hii si kwenye mkeka. Wasahihishaji walisema msimamo wangu umepanda juu, mabega yameinama mbele, na kata yangu haina mkato. Walisema kweli. Mwalimu wangu wa karate, mzee wa Lamu asiyependa maneno mengi, alinisubiri nje nikivaa viatu, akasema, "Mshika mbili moja humponyoka. Nenda kachague." Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa matatu zilikuwako.

Nalitaka kumjibu kwa tarikhi, maana nilikuwa nimeisoma. Bw. Jigoro Kano aliianza judo mwaka 1882 huko Tokyo, katika chumba cha hekalu chenye mikeka 12 tu, naye alikuwa mwanafunzi wa mitindo miwili ya mieleka ya kale kabla ya kuunda wake. Bw. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alipoipeleka karate Tokyo mwaka 1922, ni Kano huyo huyo aliyemwalika aionyeshe ndani ya chuo chake cha Kodokan. Gwanda jeupe na mikanda tunayojifaharisha nayo watu wa karate vilitoka kwa watu wa judo. Na Hironori Ohtsuka, aliyekuwa bingwa wa mieleka ya jujutsu kabla ya kusoma kwa Funakoshi, aliichanganya miwili akatoa mtindo wa Wado mwaka 1934. Hayo yote nalikuwa nayo mdomoni. Lakini mtu aliyefeli mtihani hamfundishi mwalimu wake tarikhi.

Kulikuwa na jambo jingine la kusawazisha, nalo wasomaji wa huku kwetu wataniuliza kabla sijafika mbali: habari ya kuinama. Judo huanza na kwisha kwa salamu ya kuinama, na mara nyingine ya kupiga magoti mpaka paji la uso likaribie mkeka. Nilimwendea maalim wangu wa tangu utotoni. Yeye hakuukataza mchezo, alinikumbusha habari ya Mtume (S.A.W.) kushindana mieleka na Rukana, akaniambia niamkie kwa kichwa na mkono kifuani, ila paji la uso lisimshukie kiumbe. Mimi sitoi fatwa, nasema niliyoambiwa. Nilipomweleza mkufunzi wa judo, ambaye si Mwislamu, alijibu kwamba salamu ni adabu tu na mkono kifuani ni adabu vile vile. Jambo likesha kwa dakika mbili, na mimi nalikuwa nimekosa usingizi kwa siku tatu.

Nilimwomba mzee wangu wa karate aje atazame judo usiku mmoja tu, kisha anihukumu. Alikuja baada ya Isha, amevaa kikoi, akaketi kando ya mkeka na kofia yake magotini. Kwa nusu saa hakusema neno. Ndipo kijana yule yule wa "mjomba" alipomfagia mwenzake mguu, mwendo mdogo kabisa, na yule akaenda chini kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Mzee akanyanyuka. "Hebu tena, polepole," akasema.

Kijana akaonyesha: mguu haufagiwi umekwisha kutua wala ungali juu, hufagiwa pale unapoanza kupokea uzito. Mzee akatikisa kichwa. Ufagio huo tunao katika karate. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifunza, nami kwa miaka kumi na mmoja nalikuwa naupiga ule mguu kama mtu apigaye mlango.

Wakati wa kurudi, tukipita njia za Mji wa Kale, alinambia jambo ambalo sikupata kulisikia kwake. Kabla hajaiona karate, ujanani mwake Lamu, alikuwa mchezaji wa kirumbizi. Ambaye hajauona mchezo huo wa bakora penye Maulidi au harusi, watu wawili ndani ya duara na zumari na ngoma zikiwahimiza, atadhani macho yako kwenye fimbo. "Kwenye fimbo umekwisha kuchelewa," alisema. "Tazama bega." Na hilo la bega ndilo alilokuwa akitufunza siku zote, nasi tukidhani limetoka Japani.

Tulipofika mlangoni kwake akanipangia: kwake mara mbili kwa wiki, kwenye judo mara moja, na miezi miwili kabla ya mtihani judo isimame kabisa. Jumanne nimerudishiwa nyumba yangu. Mwezi wa Ramadhani twafanya kata peke yake baada ya tarawehe, bila kupambana. Mtihani ni Mfungo Mosi. Goti la mbele limeanza kukubali kushuka tena, mabega bado.