Gari la tajiri au gari lako? Hesabu ambayo haifanywi jukwaani

Uzi wa leo ni wa wale mnaobishana kila wiki kuhusu kazi za vijana. Kanuni zetu ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa hapa, hakuna chama. Ukitaja, utajijibu mwenyewe.

Msimu wa siasa ukifika huku Meru na Embu, husikika hotuba mbili. Ya kwanza inasema dereva ananyonywa na mwenye gari, kwa hivyo apewe mkopo anunue lake. Ya pili inasema matajiri walazimishwe kuwaandika madereva kazi kwa barua na mshahara wa mwezi. Watu hupigia makofi zote mbili, wakati mwingine kwenye mkutano mmoja. Mimi nimeendesha gari la mtu Embu kwa miaka minne, na sasa nina nusu ya Probox pamoja na binamu yangu. Naomba basi tuzipitie hizo hotuba kwa kalamu na karatasi.

Namba zifuatazo ni za mfano tu, weka zako mahali pake. Tuseme gari linaingiza 6,000 kwa siku, abiria na magunia ya muguka. Mafuta 2,500. Stegi, sacco na zile ndogondogo za barabarani, 500. Zinabaki 3,000. Ukiwa dereva wa mtu, unampelekea tajiri 2,000 zake na wewe unabaki na 1,000. Ukifanya kazi siku 26, mwezi unakupa 26,000.

Hapo ndipo kila dereva huanza kuota. "Kumbe nampa huyu mzee 52,000 kila mwezi! Si hilo gari ningekuwa nimeshanunua?"

Haya, nunua. Gari ni milioni moja, umejikaza ukatoa 400,000, umekopa 600,000 za miezi 24. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, inayohesabiwa juu ya mkopo wote. Hiyo asilimia husikika ndogo sana ofisini. Maana yake ni 9,000 za riba kila mwezi, juu ya 25,000 za deni lenyewe. Jumla 34,000. Na angalia vizuri: mwezi wa mwisho, ukiwa umebakiza deni la 25,000 tu, bado unatozwa 9,000 zile zile, kana kwamba hujalipa hata shilingi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mkopeshaji si "riba ni ngapi?" Muulize, "riba inapungua deni likipungua, ama haipungui?" Wengine hukohoa kwanza kabla ya kujibu.

Sasa ongeza bima, tuseme 8,000 kwa mwezi ukiigawanya, na sevisi na tairi 7,000. Gari lako linakudai 49,000 kila mwezi kabla hujanunua unga. Kwa siku 26 umebaki na 78,000, toa 49,000, mfukoni ni 29,000.

Dereva wa mtu alikuwa na 26,000. Umemshinda kwa 3,000.

Lakini hiyo ni mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Gari likilala kwa fundi siku nne, wewe umefanya kazi siku 22: 66,000 toa 49,000, unabaki na 17,000. Dereva wa mtu kwa siku hizo hizo 22 ana 22,000. Kwa mfano huu, ukifanya kazi siku 24 au chini ya hapo, mwenye gari anapata kidogo kuliko dereva aliyeajiriwa. Siku 25 ndipo unaanza kumpita, tena kwa elfu moja tu.

Sisemi usinunue. Deni likiisha, hesabu inageuka kabisa: siku 26 zinakupa 63,000, na hata ukiongeza matengenezo kwa sababu gari limezeeka, bado dereva wa mtu hakufikii. Kwa hivyo suala zima la kununua ni moja: je, utavuka ile miezi 24?

Na hapa ndipo siasa inaingia, maana huku kwetu kinachosimamisha gari mara nyingi si gia boksi. Ni uamuzi wa mtu ambaye hujawahi kukutana naye.

Chukua miraa. Watu wa Maua, Laare na Muringene wanajua ninachosema. Hilux zinazoshuka usiku kuwahi ndege Nairobi zilikuwa ndiyo ndoto ya kijana wa Igembe: anza na gari la tajiri, weka akiba, nunua lako. Uholanzi ikafunga soko. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza nayo ikafunga. Somalia ikabaki ndiyo soko kubwa, halafu Machi 2020 ndege zikasimamishwa kwa sababu ya korona, na baadaye mzozo wa nchi hizi mbili ukaendeleza kile ambacho ugonjwa ulianzisha. Miraa ilirudi kupanda ndege za Somalia Julai 2022.

Hesabu: Machi 2020 hadi Julai 2022 ni kama miezi 28. Mkopo wetu wa mfano ni miezi 24. Kijana aliyesaini Februari 2020 angeweza kumaliza muda wote wa mkopo, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, soko lake kuu likiwa limefungwa. Hakuna uvivu hapo. Hakuna ulevi. Alikuwa na mpango mzuri kwenye mwezi mbaya.

Wa matatu nao walikuwa na lao. Wakati huo huo, mwaka 2020, gari la abiria 14 liliambiwa libebe 8, na hali hiyo ilidumu hadi Agosti 2021. Mkopo haukuambiwa ubebe 8.

Huku Embu tulionjeshwa yetu Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku hayo baada ya siku chache. Mwanasheria atakwambia siku chache si kitu. Muguka ni majani, ikilala inakuwa takataka. Mwenye Probox ya mkopo pale Kiritiri, kwa hesabu yetu, anaruhusiwa kupoteza siku moja tu kwa mwezi kabla hajarudi kuwa sawa na mtu aliyeajiriwa.

Sasa msiruke upande wa pili mkasema afadhali dereva, yeye hana hatari. Anayo, ila hupita mlango wa nyuma. Rudi kwenye ile elfu moja yake. Mafuta yakipanda kwa asilimia 10, ni 250 zaidi kwa siku. Tajiri bado anataka 2,000 zake, hiyo ndiyo makubaliano. Nauli huwezi kuipandisha peke yako stegini. Basi 250 zinatoka kwa dereva, robo ya kipato chake. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipotoka asilimia 8 kwenda 16, mabishano yote huku mtandaoni yalikuwa ni nani alipiga kura gani. Sikuona watu wengi wakiuliza ni nani ndani ya gari aliyelipa.

Nilipokuwa naendesha, niliwahi kumwambia tajiri wangu, "Mzee, wiki hii mafuta yametupiga, tupunguze kidogo." Akanijibu kwa upole kabisa, "Kijana wangu, benki haijapunguza." Na hakuwa anadanganya. Wengi tunaowaita matajiri wana mkopo wa gari lile lile unaloendesha. Tajiri wa kweli ni yule aliyewakopesha.

Sheria inasemaje? Kanuni za NTSA za 2014 kuhusu magari ya abiria zinataka mwenye gari awe chini ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na dereva na kondakta walipwe mshahara wa kila mwezi. Zaidi ya miaka kumi sasa. Zunguka stegi za Embu, Chuka, Nkubu na Meru uulize ni dereva gani ana barua ya kazi. Utapata wachache wa kampuni kubwa za masafa marefu. Wengine wote ni hesabu ya siku, na asubuhi ukifika ukakuta funguo amepewa mwingine, hiyo ndiyo barua yako ya kufutwa.

Lakini tuwe wakweli. Sheria hii haikukwamishwa na wenye magari peke yao. Madereva wengi pia hawaitaki, kwa sababu siku ya soko, siku za shule kufungua, au Desemba, kinachozidi hesabu ya tajiri ni chao, na hakiandikwi popote. Mshahara ungekiua hicho. Mimi mwenyewe Desemba nilikuwa siutaki mshahara hata kidogo. Januari nilikuwa nautaka sana.

Kwa hivyo yule wa hotuba ya pili akiahidi "tutatekeleza sheria", muulize ataitekelezaje kwa watu wawili ambao wote, kwa sababu tofauti, wanaikwepa. Na yule wa hotuba ya kwanza akiahidi mikopo ya magari, muulize soko likifungwa na serikali nyingine, au barabara ikifungwa na amri ya serikali yake mwenyewe, nani atalipa zile 34,000 za mwezi huo. Kama mfuko wa mkopo hauna kipengele cha kusimamisha malipo wakati kama huo, basi kinachogawiwa ni hatari, na anapewa mtu asiye na akiba.

Jambo jingine halitajwi kabisa jukwaani: ajali. Dereva wako akigonga mtu, anayeshtakiwa kulipa fidia ni pamoja na wewe mwenye gari, hata kama ulikuwa umelala nyumbani Runyenjes. Bima ya lazima ya kuwafidia wengine ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, ziada inakutafuta wewe. Shamba la urithi limewahi kuuzwa kwa njia hiyo.

Bodaboda nimeiacha kwa sababu hesabu yake ni fupi zaidi, lakini mkondo ni ule ule. Bajeti ya 2008 iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, watu wakanunua kwa wingi, na leo mkopo wa pikipiki unalipwa kila siku kwa simu, hata siku ya mvua.

Mnaoniuliza mimi na binamu tulifanyaje: tulichanga miaka mitatu, tukanunua Probox kuukuu bila mkopeshaji, logibuku ina majina yetu wawili. Tunaendesha kwa zamu. Kila siku ya kazi tunaweka 700 kando kwenye akaunti isiyotoka bila saini mbili, ya bima na matengenezo. Gari si zuri. Kioo cha nyuma kina ufa tangu tulinunue. Lakini Mei 2024 lilipokaa uani, hakuna aliyetupigia simu, na dalali hakujua tunakoishi.

Sesi na vizuizi vya kaunti barabarani nimeviacha makusudi, hivyo vinahitaji uzi wake. Mwenye risiti za Kiritiri au Maua azitafute, tutazisoma pamoja wiki ijayo.